Safu Mnayotaka Kufuta

Wiki iliyopita wawili kati yenu walikuja kwangu Muhumba. Walikaa vizuri, walikunywa chai, walimsifu mtoto wangu kwamba amenenepa, halafu wakanijulisha (sikusema waliniuliza, nimesema walinijulisha) kwamba kwenye application ya kutafuta watoto mnafuta ile safu inayouliza: Nani alimwona kwa macho? Eti inachelewesha kazi. Eti mtu hawezi kuingiza jina mpaka aijaze, na mara nyingi hana cha kujaza. Eti ni safu ya zamani, ya wakati wa vita, iliwekwa na mtu ambaye hakusomea mambo haya.

Mtu huyo ni mimi. Asanteni kwa kunieleza hayo mkiwa na biskuti zangu mdomoni.

Sikuwajibu siku ile kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya, na maneno yaliyonijia yangegeuza maziwa. Nawajibu kwa maandishi. Najua, anayestaafu na kuwaandikia vijana huwa na mvi, huwa na fimbo, huwa anaanza na "enzi zetu". Mimi sina mvi. Nimestaafishwa na mkuu wenu mpya, aliyeona kwamba mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaharibu sura ya biro, yaani ofisi yenu. "Maman, pumzika," aliniambia, kwa upole wa mtu anayefukuza kuku wa jirani. Nikapewa cheti na chupa ya chai. Chupa inavuja. Cheti hakivuji, lakini hakiweki chai.

Basi pumzikeni na ninyi kidogo, msome.

Biro yetu mnaijua ikiwa na rangi mpya. Wakati wa vita ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, na mbele ya mlango kulikuwa na benchi. Kila Jumanne wanawake walikaa pale. Kila mmoja alikuwa amepotewa na mtoto: njiani, msituni, kwenye kivuko, katika ile saa ambayo watu wote wanakimbia na mkono mdogo unatoka ndani ya mkono mkubwa. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta watoto hao. Hatukuwa na gari. Tulikuwa na phonie, ile redio ya kuongea na paruwasi, yaani parokia, za ndani, na tulikuwa na Papa Rigobert.

Papa Rigobert alitunza fishi, yaani kadi za watoto. Kila mtoto fishi moja ya karatasi ngumu, ndani ya maboksi ya viatu, kwa mpangilio ambao yeye peke yake aliuelewa na ambao haukukosea hata siku moja. Alikuwa na sheria moja. Kilichosemwa na watu kinaandikwa kwa krayoni, yaani penseli: "inasemekana yuko Minova", "mtu alisikia yuko Kalehe". Kilichoonwa na mtu mwenye jina, aliyekuja, akasimama mbele yake na kusema nilimwona kwa macho haya, hicho kinaandikwa kwa biki, kalamu ya wino usiofutika. Wanawake wa benchi waliijua sheria hiyo kuliko amri kumi. Hawakuuliza "mna habari?" Waliuliza, "Fishi yangu ni krayoni ao ni biki?"

Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kufika kila Jumanne tulimwita Mama Bahati. Walikimbia kutoka Kamituga asubuhi ya soko, yeye na mtoto wake wa pekee, Bahati, mvulana wa miaka mitano, na alipofika Mwenga alikuwa peke yake. Alikuja na nyuzi za kijani kwenye mfuko, akawa anamfumia mtoto sweta pale pale kwenye benchi. Ilipokwisha aliifumua akaanza tena, kubwa zaidi kidogo. Nilimuuliza anapimaje. Akasema anapima na mtoto wa jirani, wamezaliwa juma moja.

"Fishi yangu, Papa?"

"Ingali krayoni, maman."

"Haya." Na sindano zinaendelea.

Huyo ndiye mnapaswa kumkumbuka mkisoma yote yanayofuata. Mimi nitaingia humu na ujinga wangu, msinitazame mimi sana.

Niliingia biro hiyo na diplome ya shule ya sekondari, option ya biashara, yaani nilijua kupiga mashine ya kuandikia bila kutazama vidole. Kwa hiyo wakanipa kompyuta. Mantiki ya wakubwa: vyote vina herufi. Directeur wetu wa wakati ule alikuwa amerudi kutoka semina ya nchi jirani na vitu vitatu: tai mpya, CD moja, na maneno "application web". Alisema maneno hayo kama padri anavyosema Kilatini, na kwa uelewa ule ule wa waumini. Alitaka fishi zote ziingie mle. Alinipa majuma matatu na kitabu cha Kifaransa kilichopigwa fotokopi, bila ukurasa wa kumi hadi wa kumi na saba. Bila shaka kila jibu nililohitaji lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na mbili.

Ninyi leo mnabonyeza kitufe kimoja na mradi mzima unajijenga wenyewe, halafu mnalalamika kwamba umechelewa. Sikilizeni tulivyofanya. CD ile iliweka ndani ya mashine kila kitu: seva ya kutoa kurasa, lugha ya kuandikia amri, na mahali pa kuweka data. Haikuhitaji mtandao. Mashine ilikuwa inajiuliza yenyewe na kujijibu yenyewe, kama Directeur kwenye mkutano. Ndiyo maana ya mazingira ya kujaribia: ni jiko. Unachemsha, unaunguza, unaonja, unamwaga. Mgeni hasogei mpaka chakula kiwe mezani. Shikeni hapo kwenye jiko, tutarudi.

Niliandika ukurasa wangu wa kwanza kwenye Bloc-notes, ile programu ya kuandikia maandishi matupu. Amri moja tu, ya kusema Bonjour. Nikauhifadhi, nikaufungua, na mashine ikanionyesha amri yenyewe, herufi kwa herufi, kama mtoto unayemwambia "sema asante" naye anasema "sema asante". Siku mbili nzima. Nilibadilisha nukta, nilibadilisha mabano, nilisali. Kumbe Bloc-notes kwa hisani yake ilikuwa imeongeza .txt nyuma ya jina la faili na kuificha nisiione. Tangu hapo nina desturi: kabla ya kuilaumu akili yangu, natazama jina lote la faili mpaka mkia. Inaokoa siku mbili. Chukueni bure.

Ya pili: mashine ikikuambia kosa liko mstari wa kumi na nne, tazama wa kumi na tatu. Mashine hailalamiki pale ulipokosea, inalalamika pale ilipochoka kukuvumilia. Nimeolewa, najua.

Asubuhi ya tatu umeme ulirudi, nikafungua, ikasema Bonjour. Niliita biro nzima. Directeur alipiga makofi. Papa Rigobert aliinama, akaitazama skrini kwa adabu, akasema, "Bonjour na weye," akarudi kwenye maboksi yake.

Directeur alifurahi kiasi kwamba hakungoja iseme kitu cha pili. Alikwenda kwenye phonie akaziambia paruwasi zote kwamba sasa Bukavu tuko na application, waifungue, na akawasomea anwani iliyokuwa juu ya skrini yangu. Localhost. Herufi moja moja, kwa sauti ya habari za taifa. Kwa wasiojua: localhost maana yake ni mashine hii hii uliyokalia. Ni kama kuandika juu ya bahasha "kwangu" na kuitupa posta. Katekista wa Kamituga alinakili vizuri kabisa, akarudia herufi zote, akauliza tu jambo moja.

"Directeur, tuiandike wapi? Huku tuko na mashine ya kuandikia. Riboni imekauka. Over."

Directeur akamjibu kwamba huo ni mwanzo. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza na kucheka kuliniumiza, lakini nilicheka. Nilijiona mwenye akili kuliko watu wote wawili. Ngojeni.

Sasa nilihitaji data. Ukurasa wa kutafuta bila majina ndani yake ni mlango bila nyumba. Nilikwenda kwa Papa Rigobert kumwomba boksi moja la fishi niliingize. Hakukataa. Aliuliza swali.

"Hii mashine yako, iko na krayoni?"

Nikamwambia, kwa mdomo wangu mrefu wa mwenye diplome, kwamba mashine haihitaji krayoni, yenyewe inafuta bila kuacha alama, na kila kitu ndani yake kinaonekana safi.

"Kila kitu sawa sawa?"

"Kila kitu sawa sawa, Papa."

"Basi siwezi kukupatia fishi zangu," akasema, na akafunika boksi.

Nilikasirika. Nilisema moyoni: muzee anaogopa kupoteza kazi. Na kwa kuwa nilinyimwa majina ya kweli, nikatunga ya kwangu. Nilijaza mistari kumi hivi ya kujaribia. Sikujisumbua kufikiri. Niliandika majina yanayobebwa na kila mtu, umri unaokuja kichwani, mahali panapokuja kichwani. Mstari mmoja uliandikwa hivi: Bahati, mvulana, miaka mitano, amepatikana, Minova. Nikalifanya neno "amepatikana" litoke kwa rangi ya kijani, kwa sababu nilikuwa nimejifunza rangi asubuhi ile.

Nani mjini kwetu hana Bahati kwenye ukoo? Mtoto akizaliwa na mama akapona, ni Bahati. Na miaka mitano, na Minova... Nimejiuliza mara nyingi. Sidhani nilimfikiria mwanamke wa benchi. Nadhani ni mbaya zaidi: nilikuwa nimemsikia kila Jumanne, maneno yake yakaingia kwenye vidole vyangu bila kupita kichwani. Nilijiambia nitafuta kabla ya kuonyesha.

Directeur akaiwahisha siku ya kuonyesha kwa siku nne. Wageni walikuwa wanapita Bukavu, wafadhili, watu wa kofia na chupa za maji. Jumanne. Nilifika nikakuta kompyuta yangu imebebwa mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, imefunikwa kitambaa cha meza, na wanawake wa benchi wameketishwa mstari wa mbele wakiwa wamevaa vizuri. Jiko lilikuwa limehamishiwa mezani na sufuria bado linachemka.

Directeur alitoa kitambaa. Alisema mambo mengi. Halafu akamgeukia wa kwanza kwenye mstari, na wa kwanza siku zote alikuwa nani? Akamuuliza jina la mtoto, umri wa mtoto alipopotea. Aliandika yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Jibu likatoka moja. La kijani.

Wageni walipiga makofi. Mama Bahati hakupiga makofi. Hakujua kusoma sana, lakini Minova aliisoma, na jina la mtoto wake aliweza kulisoma popote. Akasimama. Akamtafuta Papa Rigobert kwa macho, nyuma kule mlangoni.

"Papa, hii ni krayoni ao ni biki?"

Papa Rigobert alinitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama kibodi. Na Directeur, mbele ya wageni, ndiye aliyejibu.

"Maman, hii inapita biki."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno matatu yalitosha: jina hilo nimelitunga. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mgeni mmoja alikuwa ananishika mkono, ananipongeza kwa Kifaransa kizuri, na kwa muda wa salamu moja nilisikia utamu. Mnataka kujua mtu anauza nini kwa salamu moja? Mimi niliuza hicho. Ule mkono uliponiachia, benchi ya mbele ilikuwa imebaki na wanawake wote isipokuwa mmoja.

Nilikimbia mpaka Kadutu, kwenye nyumba aliyohifadhiwa. Mwenye nyumba akaniambia amechukua sweta, ameshuka bandarini kutafuta boti. Bandarini nikaambiwa boti ya Minova imeng'oa nanga. Nilikaa chini kwenye gunia la mtu mwingine, na tumbo langu, na mwenye gunia hakunifukuza.

Minova wakati ule, kwa mnaoijua kama mahali pa kununua vitunguu, haikuwa mahali pa kwenda kutembea. Wenye bunduki walikuwa wa aina tatu na hawakuwa wanapendana. Nilimwambia Directeur ukweli wote. Akavuta pumzi, akasema niandike ripoti kwamba mashine ilikosea. Nikamwambia mashine haikukosea, iliulizwa Bahati na ikamtoa Bahati niliyeiwekea. Akasema hayo ni maelezo ya kiufundi. Mtakutana na neno hilo katika kazi yenu. Maana yake ni ukweli ambao mkuu hautaki kwenye karatasi.

Papa Rigobert yeye alipiga phonie Minova, asubuhi na mchana, siku hiyo na zilizofuata, akiuliza kama kuna aliyemwona mwanamke mwenye sweta ya kijani. Hakunigombeza. Alinipa kikopo chenye krayoni zake zote na wembe, akaniambia nizichonge. Nilichonga. Kesho yake akanipa tena. Majuma matatu nilichonga krayoni, na kila jibu la Minova lilipokuja, hakuna aliyemwona, alichukua moja katika nilizochonga na kuliandika. Afadhali angenipiga.

Jumanne ya nne alirudi.

Alikuwa amekonda, miguu imepasuka, alikuwa amerudi kwa miguu, kwa barabara. Kando yake alitembea mtoto, mvulana, amevaa sweta ya kijani iliyomfunika mikono mpaka chini ya magoti. Benchi nzima ilisimama. Mwanamke mmoja alianza kupiga vigelegele, na Mama Bahati akainua mkono kumnyamazisha.

"Huyu si wangu," akasema.

Alikaa, akatueleza. Alizunguka Minova nzima akiuliza Bahati aliyepotea na miaka mitano. Walimletea saba. Kila mmoja alimtazama uso, akamtazama sikio, akasema hapana. Huyu wa saba aliulizwa jina akasema Bahati, akaulizwa mama yuko wapi akashika kitenge chake. Hakuwa na mtu. Alikuwa analala chini ya meza za samaki. Kwa hiyo alimvalisha sweta, juu asubuhi ya ziwani iko na baridi, akaja naye.

"Mashine ilisema Bahati iko Minova," akaniambia mimi. "Nilifika, alikuwa. Sasa na huyu mumuandike. Mama yake iko kwenye benchi fulani, anauliza."

Sikuweza kumwacha amalize na uongo wangu ukiwa umepata sura ya muujiza. Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya wote kwamba Bahati wa kwenye mashine nilimtunga, kwamba hakukuwa na mtu aliyesema, hata wa krayoni, kwamba nilihitaji tu majina ya kujaza.

Alinitazama usoni. Alitazama tumbo langu pia.

"Weye uliandika umekaa," akasema. "Miye nilienda."

Basi. Aligeuka akamuuliza Papa Rigobert, kama kila Jumanne, kuhusu fishi yake, na Papa Rigobert akamjibu kama kila Jumanne.

Halafu Papa Rigobert akachukua fishi mpya. Akamtazama mtoto vizuri, akaandika Bahati wa pili kwa biki, akamuuliza Mama Bahati jina lake mwenyewe, lile la ubatizo, akaliandika chini yake. Alipomaliza hakuiweka kwenye boksi. Aliniletea mezani.

"Hii unaweza kuweka mu mashine."

Nikafuta jedwali lote, watoto wangu wote kumi wa uongo. Nikaongeza safu moja, nikaiwekea amri kwamba isipojazwa, mashine isikubali kitu: Nani alimwona kwa macho? Ikanichukua siku nzima, kwa sababu ya mstari wa kumi na tatu. Na nikaingiza fishi ile. Ni mstari namba moja. Bado uko pale, ufungueni.

Ushauri wa kazi, kwa kuwa mlitaka kitu cha kiufundi: tangu hapo sikujaribia chochote kwa jina la mtu. Majaribio yangu yote yalikuwa Sambaza mwana wa Fufu (yaani dagaa mwana wa ugali), umri miaka mia nne, mahali: ndani ya sufuria. Mara moja Directeur alitoa ripoti bila kutazama, na wafadhili wakauliza kwa huruma kwa nini familia ya Fufu inapoteza watoto wengi hivi. Tulicheka, na hakuna mtu aliyepanda boti kumtafuta Sambaza.

Sasa ninyi mnasema safu inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha. Ndiyo kazi yake. Mnasema mara nyingi hakuna cha kujaza. Kama hakuna cha kujaza, hakuna mtoto, kuna maneno ya watu, na yana mahali pake, kwenye kikopo kile cha krayoni ambacho nasikia mmekitupa wakati wa kupaka rangi.

Mtoto wa Minova yuko darasa la nne la sekondari. Mama yake hajatokea. Fishi ya Bahati wa kwanza ingali krayoni, imeandikwa upya mara tatu kwa sababu inafifia. Na mwanamke bado anakuja Jumanne. Mmempita mara ngapi mlangoni mkisema "pardon maman" bila kumtazama? Anafuma. Sweta ya sasa ni ya kijana mkubwa.

Futeni, sina funguo tena. Lakini msifute mkiwa mmekaa. Chapeni mstari namba moja kwenye karatasi, tokeni nje Jumanne asubuhi, msimame mbele ya benchi, mmsomee mwanamke huyo safu ile na jina lake lililomo. Halafu mumweleze yeye kwamba haina kazi.